Ufinyanzi Kwale: Ufundi wa miaka 1,700 wasubiri mikono mipya

Mkwiro ni kijiji cha wavuvi kilichoko upande wa mashariki wa Kisiwa cha Wasini, katika Kaunti ya Kwale. Kati ya kisiwa na Shimoni, upande wa bara, pana mlango mwembamba wa bahari. Hakuna magari kisiwani. Kila mzigo hufika kwa chombo cha baharini, kisha hubebwa na watu hadi nyumbani.

Kisiwa hicho chenye urefu wa takriban kilomita 5 hakina mto wala chemchemi ya maji matamu. Ardhi yake ni mwamba wa matumbawe, mkali na wenye mashimo. Udongo wa mfinyanzi, ule mzito unaoshikana ukikandwa na unaopatikana kwenye mabonde na kingo za mito, haumo.

Hata hivyo, kabla ya kuja kwa madebe, sufuria na ndoo za plastiki, hapakuwa na nyumba yoyote mwambaoni iliyoweza kukaa siku moja bila chombo cha udongo. Maji yalitunzwa mtungini, samaki walipikwa chunguni, ubani ulifukizwa chetezoni. Watu wa visiwa visivyo na udongo walitegemea mikono ya wafinyanzi wa bara, na vyungu vilivuka bahari kama vilivyovuka nafaka na kuni.

Ufundi huo wa bara ndio uliolipatia jina la Kwale nafasi katika vitabu vya historia ya Afrika. Ndio pia ulio katika hatari ya kutoweka leo. Makala haya yanaeleza jinsi mfinyanzi anavyofanya kazi tangu asubuhi hadi moto unapozimika, anapopata msukumo wake, na sababu ya kazi yake kuwa na uzito kuliko bei ya chungu sokoni.

MATUMBAWE HAYAFINYANGIKI

Wengi hudhani kwamba udongo wowote ukiloweshwa unaweza kufinyangwa. Sivyo. Udongo wa mfinyanzi hutokana na miamba iliyosagika na kuoza kwa maelfu ya miaka. Chembe zake ni ndogo mno na bapa, na zikipata maji huteleza moja juu ya nyingine bila kuachana. Hiyo ndiyo sababu unaweza kukunjwa, kuvutwa na kubaki na umbo uliopewa.

Matumbawe ni kitu kingine kabisa. Ni mabaki ya viumbe wa baharini, nayo ni chokaa tupu. Yakichomwa kwenye joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa hai, ambayo ikimwagiwa maji huchemka, huvimba na kusambaratika kuwa unga. Ndiyo chokaa iliyojengea misikiti, nyumba za mawe na makaburi ya mwambao wote. Mafundi wa visiwani walijua moto vizuri, ila moto wao ulikuwa wa tanuu la chokaa, si wa kuchomea vyungu.

Tabia hiyo ya chokaa ni adui wa mfinyanzi. Kipande kidogo cha tumbawe au kombe kikijificha ndani ya udongo, chungu kinaweza kutoka motoni kikiwa kizima na cha kupendeza. Baada ya siku chache kipande hicho hunywa unyevu wa hewani, huvimba, kisha hubandua ganda la chungu au kukipasua kabisa. Kwa sababu hiyo, mfinyanzi wa karibu na bahari hulazimika kuuchambua udongo wake kwa makini zaidi ya yule wa mbali na pwani.

Maji nayo ni suala. Udongo ukikandwa kwa maji ya bahari, chumvi hujitokeza juu ya chombo kinapokauka na kukiachia ukungu mweupe. Kazi hii hutaka maji matamu, na Wasini kwa vizazi vingi iliishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa na kuhifadhiwa kwenye majabia. Palipo na shida ya maji ya kunywa, si rahisi kupata ya kukandia udongo.

JINA LA KWALE VITABUNI

Katika miaka ya 1960, mwanaakiolojia Robert Soper, aliyekuwa akifanya utafiti chini ya taasisi ya Uingereza ya historia na akiolojia ya Afrika Mashariki, alichimba mahali pa makazi ya kale karibu na mji wa Kwale. Alipata vigae vya vyungu pamoja na mabaki ya ufuaji wa chuma. Mwaka 1967 alichapisha matokeo yake.

Vipimo vilivyofanywa kwa makaa yaliyopatikana huko vilionyesha kuwa watu hao waliishi mnamo karne ya 3 baada ya Kristo, yaani zaidi ya miaka 1,700 iliyopita. Vyombo vyao vilikuwa na midomo minene iliyochongwa kwa mikato na mifereji, na mapambo yaliyochorwa au kugandamizwa kwenye udongo kabla haujakauka. Wataalamu wakaviita vyungu vya Kwale.

Tangu hapo jina hilo limesafiri mbali. Vyungu vya jamii hiyo vimetambuliwa kwenye milima ya Upare na Usambara na katika mwambao wa Tanzania. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza makazi ya kipindi hicho Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, ambako watu walifua chuma na kutumia vyombo vinavyofanana na vya Kwale. Vyungu vya ukoo huo vimeonekana hata Msumbiji.

Wataalamu wengi huvihusisha vyungu hivyo na kuenea kwa wakulima na wafua chuma waliozungumza lugha za Kibantu, ambazo Kiswahili, Kidigo na lugha nyingine za Wamijikenda ni matawi yake. Wakulima hao hawakuacha maandishi. Nyumba zao za miti na udongo zilioza, mikeka na vikapu vikaliwa na mchwa. Kilichobaki ni chungu, kwa sababu chungu huvunjika lakini hakiozi.

Vyungu kwa mwanaakiolojia ni kama mwandiko. Kila jamii ilikuwa na namna yake ya kukunja mdomo wa chungu, ya kupinda shingo na ya kuchora mapambo begani. Binti alijifunza kwa mama au shangazi, akaiga mkono wake, naye akamfundisha wa baada yake. Namna hiyo ikibadilika, inaashiria kuwa kuna jambo limebadilika katika jamii: ndoa, uhamaji, biashara au vita.

USHAHIDI WA JAANI

Umuhimu wa vigae ulidhihirika zaidi katika mjadala kuhusu asili ya miji ya Waswahili. Kwa muda mrefu waandishi kadhaa wa kigeni walishikilia kwamba miji ya mawe ya mwambao ilianzishwa na wageni kutoka ng'ambo, na kwamba wenyeji walikuja kuishi pembeni baadaye.

Katika miaka ya 1980, Mark Horton aliongoza uchimbaji Shanga, katika Kisiwa cha Pate. Tabaka za chini kabisa zilirejea karne ya 8. Humo sehemu kubwa mno ya vigae ilikuwa ya vyombo vya kienyeji, vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchorwa pembetatu. Vya kigeni vilikuwa vichache. Vyungu vya aina hiyo, ambavyo Horton aliviita vya mapokeo ya Tana na Chami akaviita kwa mchoro wake wa pembetatu, vimepatikana kutoka visiwa vya Lamu hadi Komoro, na pia ndani ya bara, katika makazi ya kati ya karne ya 7 na ya 10.

Hoja ikawa nyepesi kueleweka. Mgeni anaweza kuja na sahani zake, lakini jiko likitawaliwa na vyungu vya kienyeji tangu siku ya kwanza, basi waliokuwa wakipika humo ni wenyeji.

Inafaa kukumbuka ni vyombo gani viliheshimiwa zamani. Bakuli za kauri kutoka China na vyombo vilivyopakwa rangi ya kung'aa kutoka Uajemi vilipachikwa kwenye kuta na makaburi ya wakubwa, desturi iliyofika hata Wasini. Chungu cha kupikia hakikupewa heshima hiyo. Kilipovunjika kilitupwa jaani. Karne kadhaa baadaye, jaa ndilo lililosimulia maisha ya mji kwa ukamilifu kuliko ukuta.

SIKU YA MFINYANZI

Karakana ya mfinyanzi wa kijijini haina mlango wala dirisha. Ni ua wa nyumba, au kivuli cha mwembe. Vifaa vyake hujaa kwenye ungo mmoja: kipande cha kibuyu cha kukwangulia, kombe au kijiti cha kuchorea, kokoto laini ya kusugulia, kitambaa kilicholowa cha kulainishia mdomo, na kigae cha chungu cha zamani kinachotumiwa kama kitako cha kukalishia chungu kipya. Katika jamii nyingi za pwani na za Afrika Mashariki kwa jumla, kazi hii kwa kawaida ni ya wanawake.

Siku huanza na udongo. Huchimbwa na kuanikwa, ukapondwa na kuchambuliwa mawe na mizizi. Kisha huloweshwa na kuachwa ulale. Udongo uliolala siku kadhaa hushikana vizuri kuliko ule uliokandwa papo hapo, kwa kuwa maji hupata wakati wa kuingia kila chembe.

Asubuhi inayofuata mfinyanzi hukanda. Huongeza mchanga au magae ya zamani yaliyosagwa. Chembe hizo ngumu huupa udongo mwanya wa kupumua: chungu kinapokauka hakinywei kwa ghafla, na kinapopata moto mvuke huwa na njia ya kutoka. Kwa hiyo ndani ya chungu kipya huwamo chungu cha zamani. Chombo cha bibi kilichovunjika husagwa na kuwa nguvu ya chombo cha mjukuu.

Hakuna gurudumu. Mfinyanzi huviringisha misokoto ya udongo kama kamba nene, akaizungusha mmoja juu ya mwingine, akibana kiungo kwa kidole gumba. Wengine humzunguka chungu wao wenyewe, wakitembea kinyumenyume huku mkono mmoja uko ndani na mwingine nje. Ukuta ukifikia kimo fulani huachwa ukaze kidogo, maana ukiongezewa uzito ungali laini utaporomoka. Hapo huanza kingine, na ndiyo sababu mfinyanzi huonekana akiwa na vyungu vitano au sita kwa wakati mmoja, kila kimoja kwenye hatua yake.

Wafinyanzi husema na udongo kwa ncha za vidole. Ukuta ukiwa mnene mahali pamoja na mwembamba pengine, chungu kitapasuka, kwa sababu sehemu nyembamba hukauka na kunywea kabla ya ile nene. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo. Vidole viwili, kimoja ndani kimoja nje, huipima bila rula.

Mchana hufuatia kukwangua, kulainisha na kuchora. Chungu kikifikia ugumu wa ngozi mbichi husuguliwa kwa kokoto mpaka king'ae. Kusugua si urembo tu. Hulaza chembe za juu na kuziba vitundu vidogo, hivyo chungu hakivuji sana. Baada ya hapo huanikwa kivulini, mbali na upepo, kwa siku au majuma kulingana na hali ya hewa. Msimu wa masika ni mgumu: kuni huwa mbichi, hewa huwa na unyevu, na chungu hakikauki.

MOTO HAUNA RAFIKI

Siku ya kuchoma ndiyo ya hukumu. Kwa kawaida vyungu hupangwa uwanjani juu ya kuni, vikafunikwa kwa nyasi, makuti au makumbi, kisha moto ukawashwa. Hakuna kipimajoto. Mfinyanzi husoma rangi ya moto na ya moshi.

Kwanza hutoka maji yaliyobaki. Ikiwa moto utapanda kwa kasi kabla ya joto la nyuzi 100 kupita kwa utulivu, mvuke utakosa njia na chungu kitalipuka. Kati ya nyuzi 500 na 600 hutokea badiliko kubwa zaidi. Maji yaliyofungamana na chembe zenyewe za udongo hutoka, na kuanzia hapo udongo hauwezi tena kurudi kuwa tope hata ukilowekwa mwaka mzima. Umekuwa kitu kipya. Moto wa uwanjani kwa kawaida hufikia kati ya nyuzi 600 na 900. Kauri ya China huhitaji zaidi ya nyuzi 1,200 na tanuri lililofungwa, ndiyo maana haikuweza kutengenezwa kwa njia hii.

Rangi nayo huamuliwa na hewa. Udongo mwingi wa Afrika Mashariki una chuma. Moto ukipata hewa ya kutosha, chuma hicho huwa chekundu kama kutu. Ukizibwa kwa majani au samadi ili hewa ipungue, moshi na kaboni huingia kwenye udongo na chombo hutoka cheusi. Madoa meusi kwenye chungu chekundu ni alama ya mahali ulimi wa moto ulipogusa.

Vinavyopasuka huwa hasara ya kazi ya majuma. Havitupwi vyote, vingine husagwa na kurejeshwa udongoni.

Chungu kilichochomwa kwa moto huo hubaki na vitundu vidogo mno. Kwa mtungi, hiyo ni faida. Maji hupenya polepole hadi nje na kukauka hewani, na yanapokauka huchukua joto la yaliyobaki ndani. Mtungi uliowekwa kivulini penye upepo hupoza maji bila umeme. Kwa chungu cha kupikia, vitundu hivyo huzibwa kwa kupikia kwanza kitu chenye wanga, kama uji, kabla ya kukitumia kwa mchuzi.

MSUKUMO HUTOKA WAPI

Swali ambalo wasanii huulizwa mara nyingi ni wanakopata msukumo. Kwa mfinyanzi, jibu huanzia kwenye lugha yenyewe. Kiswahili hukitaja chungu kama mtu: kina mdomo, shingo, mabega, tumbo na kitako. Anayefinyanga chungu anafinyanga mwili, hata kama anachotaka ni mahali pa kuwekea maji.

Mwenye kuufikisha wazo hilo mbali kuliko wengine ni Mkenya, Dame Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na sehemu ya utoto wake aliishi Mombasa na India. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa. Huko ndiko alikokutana na ufinyanzi, lakini hakuridhika na yale aliyofundishwa darasani pekee. Katika miaka ya 1970 alikwenda katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, ambako wanawake wa Kigwari, miongoni mwao Ladi Kwali aliyekuwa tayari na sifa duniani, walifinyanga kwa mkono. Alijifunza pia kutoka kwa wafinyanzi wa Kenya, na huko New Mexico, Marekani, alikutana na Maria Martinez, mfinyanzi mashuhuri wa vyombo vyeusi.

Mwaka 1982 alihitimu katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London. Baadaye akawa profesa Farnham, kusini mwa Uingereza, ambako pia aliweka karakana yake. Mwaka 2018 aliteuliwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa za Ubunifu cha nchi hiyo, na mwaka 2020 akatunukiwa hadhi ya Dame. Kazi zake zimo katika makavazi makubwa, ikiwemo British Museum.

Lakini ukitazama namna anavyofanya kazi, tofauti na ua wa kijijini si kubwa. Hatumii gurudumu. Hujenga kwa misokoto, hukwangua kwa kibuyu, hupaka uji mwepesi wa udongo laini na kusugua kwa kokoto mpaka uso ung'ae bila rangi ya kupaka. Chombo kilichochomwa mara ya kwanza hutoka na rangi ya chungwa iliyokolea. Kikirudishwa motoni kikiwa kimezungukwa na vitu vinavyotoa moshi, hugeuka cheusi. Ni ufundi ule ule wa hewa na moshi ambao mfinyanzi wa kijijini huuongoza kwa majani na samadi.

Maonyesho yake yaliyofanywa Wakefield mwaka 2019 yaliweka vyombo vyake kando ya vitu vya kale vya Ugiriki, Misri, Afrika na kwingineko, ili mtazamaji aone vyombo vinavyozungumza na vyombo. Fundisho lake ni kwamba msukumo wa msanii wa udongo hautoki hewani. Hutoka kwenye vyombo vilivyomtangulia, na kwenye mazoea ya mikono ya kila siku. Asiye na vyombo vya kumtangulia hana pa kuanzia.

MAJINA YANAYOPOTEA

Utajiri wa ufinyanzi wa mwambao umo pia katika majina. Chungu ni cha kupikia. Nyungu ni jina la kale la chombo hicho hicho, nalo limebaki midomoni mwa wanaojifukiza kwa majani ya dawa. Kaango au kikaango ni cha kukaangia. Mkungu ni sahani au kifuniko cha udongo, na kibia ni kifuniko kidogo. Mtungi ni wa maji, gudulia ni mtungi mdogo wa shingo nyembamba, balasi na kasiki ni mitungi mikubwa ya akiba. Chetezo ni cha kufukizia udi na ubani.

Kijana wa leo wa mjini hulijua sufuria na ndoo. Kila chombo kinachoacha kutumika huondoka na jina lake, na jina huondoka na maarifa: kwa nini hiki kina shingo nyembamba, kwa nini kile ni kipana, kwa nini kingine hakipakwi mafuta.

SUFURIA, PLASTIKI NA BEI

Hakuna wa kulaumiwa kwa kuchagua sufuria. Ni nyepesi, haivunjiki na huchemsha upesi. Ndoo ya plastiki huvuka mlango wa bahari bila kuhofiwa. Mfinyanzi hushindana na bidhaa za kiwanda akiwa na kazi ya majuma mkononi na bei ya siku moja sokoni. Wahenga walikwisha kuona: mfinyanzi hulia gaeni. Anayewafinyangia wengine vyombo vizima yeye hulia chakula chake kwenye kigae.

Hata hivyo, udongo haujashindwa kila mahali. Jiko la makaa lenye bitana ya udongo, lililoanza kusambazwa nchini katika miaka ya 1980 kwa kuchukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand, limeingia katika nyumba nyingi za Kenya. Bati peke yake hupoteza joto. Udongo hulihifadhi na kupunguza makaa yanayohitajika. Ufinyanzi uliokuwa ukifa kama mtungi ukafufuka kama jiko.

Mfano mwingine ni Kazuri, karakana iliyoanzishwa mwaka 1975 mtaani Karen, Nairobi, na Susan Wood. Ilianza na akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto wao peke yao, wakitengeneza shanga za udongo. Baadaye ikaajiri mamia ya wanawake na kuuza shanga na vyombo nje ya nchi. Huko Ilesi, Kaunti ya Kakamega, vyungu na vyombo vya maua hupangwa kando ya barabara na wasafiri husimama kununua.

Pwani ya kusini ina wateja wake. Watalii hufika Wasini kutazama bustani za matumbawe na pomboo wa hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Tangu Juni 2020 serikali imepiga marufuku plastiki za kutumiwa mara moja katika maeneo ya hifadhi. Mkahawa unaotafuta gudulia la maji au chetezo cha mezani, na mgeni anayetaka kumbukumbu iliyotengenezwa hapa badala ya sanamu iliyosafirishwa kutoka mbali, ni soko lililo karibu kwa mfinyanzi wa Kwale. Udongo utavuka kutoka bara kama ulivyovuka zamani ukiwa vyungu.

KINACHOHITAJIKA

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda mabaki ya kale, vikiwemo vigae. Anayekuta vitu hivyo anapochimba msingi wa nyumba au kisima anatakiwa kuvitolea taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa. Fort Jesus, Mombasa, mwananchi anaweza kujionea vyombo vya udongo na kauri vilivyokusanywa kutoka maeneo ya mwambao.

Lakini sheria hulinda kigae. Haiwezi kulinda mkono. Kigae cha Kwale kilikaa ardhini miaka zaidi ya 1,700 na kikasomeka. Ujuzi wa kuchagua udongo, wa kupima ukuta kwa vidole na wa kusoma moshi hauwezi kuzikwa ukasubiri. Ukikosa mwanafunzi kwa kizazi kimoja tu, umekwisha, na hakuna mwanaakiolojia atakayeufukua.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa shuleni kote nchini mwaka 2019, umeipa nafasi sanaa na kazi za mikono. Shule za Kwale zina fursa ambayo shule nyingi duniani hazina: kumfundisha mtoto ufinyanzi katika kaunti ambayo jina lake limo katika vitabu vya ufinyanzi wa kale. Wakongwe wanaojua kazi hii wanaweza kualikwa darasani wakiwa bado na nguvu za kukanda, na kulipwa kama walimu wanavyolipwa.

Mtoto wa Mkwiro, ambaye kisiwa chake hakina hata konzi moja ya udongo huo, naye ana haki ya kujua kwamba mababu zake walikunywa maji kutoka mtungi uliofinyangwa ng'ambo ya mlango wa bahari, na kwamba mitungi hiyo ndiyo iliyowashuhudia kuwa wenyeji wa mwambao huu. Wahenga waliwaachia wafinyanzi na wazazi usemi mmoja: udongo uwahi ungali maji.